Sinia la Idi la jiko moja la Ngamiani: kinachofika Idi mosi na kinachobaki Idi tatu

Ubora wa sinia la Idi hujulikana siku ya tatu. Alfajiri ya Idi mosi kila kitu ni kizuri: visheti vinang'aa, kashata zimekatwa usiku uleule, na iliki inanukia tangu mlangoni. Anayekula kazi ya mpishi kama ilivyo ni mgeni wa Idi tatu jioni, watoto wakiwa wameshafunua na kufunika sinia kutwa mara kadhaa. Ndiyo maana sinia linaloelezwa hapa, la jiko moja la nyumbani huku Ngamiani, Tanga, limeonjwa mara tatu: Idi mosi asubuhi, Idi pili mchana na Idi tatu usiku.

Jiko lenyewe halina kibao mlangoni. Oda hupokelewa kwa simu, kwa sikukuu za mwaka mzima: Idi zote mbili, Maulidi, Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka. Sinia kubwa la Idi lilikuwa shilingi 45,000, nusu ikitangulia kama arubuni. Ndani yake mlikuwa na visheti karibu kilo moja, kashata za nazi vipande 30, kashata za karanga 20, vileja 40, halua robo tatu ya kilo, bakuli la kaimati na mkate wa kumimina mmoja. Juu yake kikuba, yaani kishada kidogo cha maua ya asumini, na kawa la ukili (msuko wa majani ya ukindu) la kufunikia ambalo hurudishwa kwa mwenyewe.

Visheti na halua vya sinia hili havina mshindani kwa bei hiyo. Kashata za nazi ni nzuri, zina dosari moja ya ukataji. Kashata za karanga hazikuhimili hewa, vileja vimeponzwa na mafuta, na kaimati pamoja na mkate wa kumimina havikustahili kabisa kukaa sinia moja na vitu vikavu.

Visheti ndivyo vinavyopima mkono wa mpishi wa Pwani. Kwa unga wa ngano nusu kilo na chumvi kidogo, samli ya moto ni vijiko vinne vya chakula, inapikichwa kwa vidole mpaka ukiufumbata unga ushikane na ukiugusa uvunjike. Hapo ndipo tui linapoingia, tui la kwanza, zito, kiasi cha kikombe kisichojaa, kidogo kidogo. Unga unashikanishwa tu. Ukikandwa kama wa chapati unapata mnato, na kisheti kikiiva kinakuwa kigumu cha kuumiza meno. Tui jepesi nalo lina hasara yake: maji yanakuwa mengi, mafuta machache, na kisheti hakina ladha ya nazi hata kikiiva vizuri. Vya jiko hili vinavunjika kwa vidole viwili, na ukikitazama kipande kwa ndani unaona matabaka madogo makavu. Samli ilitosha, na unga haukuteswa.

Moto ndio unaoamua siku ya tatu. Donge dogo la unga likitiwa kwenye karai linatakiwa lizame kwanza, kisha lipande polepole likiwa na mapovu madogo. Likiruka juu papo hapo mafuta yamepata moto kupita kiasi: baada ya dakika tatu kisheti ni cha kahawia kwa nje na ndani unga haujaiva. Tui lililobaki bichi ndani ndilo linalokilegeza siku ya pili na kukichachisha siku ya tatu. Kwa moto wa wastani ni dakika nane mpaka kumi, na karai lisijazwe, maana visheti vingi kwa mpigo huyapoza mafuta na kuyanywa. Usiku wa Idi tatu vilivunjwa vitano vilivyochaguliwa chini kabisa ya sinia, na vyote vilikuwa vikavu mpaka kiini.

Shira yao imekolezwa inavyopaswa. Kwa unga huo wa nusu kilo ni sukari kikombe kimoja na nusu kwa maji nusu kikombe, ichemke mpaka tone likidondoshwa kwenye kisahani baridi na kubanwa kwa vidole livute uzi usiokatika upesi. Visheti viwe vimekwisha kupoa, shira imiminwe juu yake, vigeuzwe kwa mwiko bila kupumzika mpaka sukari igande nyeupe. Shira ikiepuliwa mapema haigandi, visheti vinashikana na kunata vidoleni. Ikipitiliza inaganda kwenye sufuria kabla haijavifikia. Hiyo inaokoka kwa vijiko viwili vya maji na kurudishwa motoni. Wapo wanaotia ndimu kwenye shira ya visheti kwa kuwa wamezoea kuitia kwenye ya kaimati. Ndimu huzuia sukari isigande. Kwenye kaimati ndicho kinachotafutwa, shira ibaki nyepesi na ing'ae, lakini visheti vyenye ndimu havikauki hata vikianikwa kutwa.

Iliki yao ni ya milima ya Amani, wilayani Muheza, na huja ikiwa na maganda. Inatwangwa siku ya kupika na kutiwa shira ikiwa karibu kuepuliwa, kwa sababu ikichemka muda mrefu harufu yote inapotea na mvuke. Tofauti yake na iliki ya unga ya pakiti inasikika hata kabla ya kuonja.

Kashata za nazi zilikuwa za aina mbili, nyeupe na za waridi. Nazi ilikuwa imekomaa na imekunwa vizuri, bila vipande vya kahawia vinavyoonekana pale mbuzi ya kukunia inapofika kwenye kifuu. Kipimo kinachofaa ni uzito sawa wa nazi na sukari. Sukari na maji kidogo vipate uzi kwanza, nazi ifuate, isongwe mpaka iachane na sufuria na mwiko usimame wenyewe. Ikiepuliwa kabla ya hapo kashata hazishiki. Ikizidishwa moto nazi inatoa mafuta, na kashata zinapukutika kama chicha. Za sinia hili zilishika vizuri, ila vipande vya ukingoni vilikuwa vinene karibu mara mbili ya vile vya katikati. Unene huo ndio dosari. Katikati ya kipande kinene unyevu hubaki, na Idi tatu vipande viwili vilishaanza kunuka uchachu ilhali vyembamba vilikuwa salama. Mchanganyiko ukisambazwa kwa chupa au kwa mgongo wa upawa uliopakwa samli mpaka uwe na unene wa kidole kimoja kote, kisha ukakatwa ungali na uvuguvugu, tatizo hilo haliji.

Kashata za karanga zilikuwa tamu kuliko zote siku ya kwanza: karanga zimekaangwa sawasawa, zimepetwa zikatoka maganda yote, na sukari imeyeyushwa mpaka rangi ya asali bila kuungua. Idi pili mchana zilikuwa zinanata, Idi tatu zimekuwa donge moja. Kosa halikuwa la upishi. Sukari iliyoyeyushwa namna hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na Idi el Fitri kwa miaka hii inaangukia masika au mlangoni pake: mwaka 2024 ilikuwa 10 Aprili, mwaka 2025 ikawa 31 Machi. Kwa kuwa kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, itapita miaka kadhaa kabla haijaingia vizuri kwenye Januari na Februari za kaskazi kavu. Mpaka hapo, kashata za karanga zisiwekwe wazi kwenye sinia. Zifungwe moja moja kwa karatasi, zitiwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa bila mafuta, na zitolewe chache chache kadiri wageni wanavyoingia. Jiko likianza kuzifunga hivyo zitakuwa bora kuliko visheti vyake.

Vileja vinasikitisha kwa sababu mkono wa mpishi ni mzuri na kilichoharibu ni kubana matumizi. Vimetanuka, vimekuwa bapa, na vina harufu ya siagi ya kopo. Jiko linakiri kwamba samli imechanganywa nusu kwa nusu na siagi hiyo ili bei isipande. Lakini siagi ya kopo ina maji ndani yake, na maji hayo kwenye joko huulegeza unga wa mchele kabla haujashika umbo. Kileja kinataka samli tupu: unga wa mchele nusu kilo, samli robo kilo, sukari iliyosagwa robo kilo, mayai mawili na iliki. Samli na sukari zipigwe mpaka zigeuke nyeupe, mayai yaingie moja moja, unga mwisho. Vichomwe kwa nyuzi 160 kwa dakika kama 20, chini viguswe na rangi kidogo tu na juu vibaki vyeupe. Visiondolewe kwenye trei mpaka vipoe kabisa, maana vikiwa vya moto vinasambaratika mkononi. Unga uliotwangwa nyumbani kwa mchele ulioloweshwa uanikwe ukauke na uchekechwe kwanza, la sivyo hata samli tupu haitavisaidia. Mnunuzi anayeweza kuongeza shilingi 5,000 aombe vya samli. Jiko lilikubali mara moja lilipoulizwa.

Kuhusu kaimati na mkate wa kumimina, lawama ni ya mpangilio. Kaimati zilipikwa vizuri, nyepesi, zina uwazi ndani. Lakini kaimati ni chakula cha muda wa saa moja tu. Baada ya hapo shira inapenya, ganda linalainika, na mvuke wake unahamia kwa visheti vilivyo jirani. Bakuli lilikuwa na mfuniko usiobana, na visheti vilivyogusana nalo ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kulegea. Mkate wa kumimina nao ulikuwa umechachuka kidogo, kama mkate ambao mchele wake uliosagwa kwa tui ulikaa na hamira muda mrefu kwenye joto la jikoni. Unga ukishaumuka hadi kukaribia mara mbili unapaswa kwenda motoni, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ukiachwa unazama katikati na ladha ya uchachu inafunika tui. Mkate huu ni wa siku moja, na ukiletwa usiku uliwe na chai ya alfajiri.

Ushauri kwa anayeagiza: omba sinia la vikavu peke yake, na kaimati ziletwe Idi mosi saa kumi jioni, wageni wanapoanza kuingia. Jiko linafanya hivyo kwa nauli ya bodaboda tu.

Halua haipikwi pale, na hilo wanalisema wazi bila kuulizwa. Wanainunua kwa mpishi wa halua na kuigawa. Kazi ya halua, kusonga wanga, sukari na samli saa nyingi juu ya moto bila kuacha mwiko, haichanganyiki na kazi ya visheti mwezi wa Ramadhani. Hii ilikuwa na iliki na kungumanga, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Samli ilikuwa imeng'aa juu yake bila kutuama chini ya kifungashio. Ikituama ujue halua haikusongwa vya kutosha. Haihitaji friji. Kwenye friji samli inaganda na halua inakuwa ngumu kama sabuni, wakati kwenye kabati kavu inakaa wiki kadhaa bila kubadilika.

Kawa ndilo lililoliokoa sinia hili. Majiko mengi siku hizi yanafunika sinia kwa nailoni ya kung'aa na utepe. Linapendeza kwenye picha, lakini vitu vikifungwa vingali na joto lililobaki, mvuke unakosa pa kutokea, unageuka matone chini ya nailoni na kuvidondokea. Ukili unapumua. Kawa linazuia nzi na vumbi, hewa inapita, na visheti vinabaki vikavu. La jiko hili limeshonwa kwa ukili mwembamba wa ukindu, nyekundu, kijani na rangi yake ya asili, mishono imebana na kishikio cha juu hakilegei. Rangi haikuambukiza hata lilipopanguswa kwa kitambaa chenye maji, maana yake ukindu ulichemshwa na rangi, haukuchovywa tu. Kawa la bei rahisi linatambulika hapo hapo: lisugue kwa kidole kilicholowa, nyekundu ikitoka usilikaribishe kwenye kashata nyeupe. Wanayauza pia kama zawadi, na kwa harusi au kwa mama mkwe hakuna zawadi ya sikukuu inayotumika zaidi mwaka mzima.

Kikuba kilikuwa cha asumini na mrehani, katikati waridi. Kilifika saa tatu usiku kimefungwa kwenye jani la mgomba, vikonyo vingi bado vimefumba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Asumini huchumwa jioni kabla hazijafunguka na hufunguka usiku, kwa hiyo kikuba kilichotungwa kwa maua yaliyokwisha kufunguka kitakuwa kimenyauka kabla ya swala ya Idi. Kiachwe ndani ya jani lake, kinyunyiziwe maji kidogo, kikae mahali pa ubaridi mbali na jiko. Kwenye mfuko wa plastiki maua yanatoa jasho na kuwa ya kahawia. Hiki kilikuwa kinanukia mpaka adhuhuri.

Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, jiko hili linatengeneza vifuko vya kugawia wanaohudhuria: kipande cha halua, visheti vichache, tende mbili. Vifuko ni vya karatasi, jambo jema, ila halua inatoboa karatasi kwa samli isipotangulizwa kipande cha jani au karatasi ya mafuta. Ubuyu wa rangi wanaouongeza kwa watoto ni mtamu, una iliki na pilipili manga ya kutosha, lakini nyekundu yake haitoki kwenye kanzu nyeupe. Waombeni usiotiwa rangi.

Kasha la Krismasi lina bei ileile ya 45,000 na lina vitu viwili vya kuzungumzia. Keki ya matunda haina pombe; zabibu na maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari hulazwa usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea, kisha keki inaokwa kwa nyuzi 150 karibu saa mbili na nusu. Ni nzito bila kuwa mbichi, na matunda hayakuzama, kwa kuwa yalikaushwa na kupakwa unga kabla ya kuchanganywa. Ikifungwa kwa karatasi na kitambaa inafika wiki mbili. Usiimwagie juisi ili kuilainisha, itaota ukungu. Cha pili ni achari ya embe mbichi: vipande vilivyotiwa chumvi na kuanikwa siku mbili, vikapikwa kwa siki, kitunguu saumu, bizari na pilipili. Ladha yake ni safi, kali bila kuchoma koo. Lakini chupa zilikuwa na mifuniko ya bati isiyopakwa kitu kwa ndani, na siki huila bati. Baada ya wiki tatu mfuniko mmoja ulikuwa na kutu. Ukipewa zawadi hiyo hamishia kwenye chupa yenye mfuniko wa plastiki, iliyochemshwa na kukaushwa kabisa, na usiingize kijiko chenye maji.

Mapambo ya kasha hilo ni nyota za mkonge, na Tanga ndiyo mahali pake, maana mkonge wa nchi hii ulianzia pwani ya Pangani na miche 62 iliyonusurika safarini ya Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893. Singa zimechanwa vizuri, ncha zimefungwa kwa uzi na kupunguzwa sawasawa. Zining'inizwe ndani. Zikinyeshewa barazani zinashika ukungu mweusi usiotoka. Kwa Pasaka wanauza keki za kawaida na mkate wa mayai. Mkate wa mayai ni mzuri, keki ni kama za kila duka.

Kuhusu kuagiza, oda za Idi zinafungwa mwezi 20 Ramadhani, na hawaongezi hata moja, jambo linaloonekana kwenye ubora. Vikavu vinaanza kupikwa mwezi 25, vibichi vinangoja mwandamo. Kama mwezi haukuonekana usiku wa 29, sinia linaletwa kesho yake, hivyo usimwambie mgeni wa mbali saa kamili ya kulipokea. Anayetaka kupeleka Dar es Salaam kwa basi, safari ya kilomita kama 350, aagize visheti, vileja vya samli na halua tu, vipangwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, halua chini, vileja juu kabisa, na karatasi iliyokunjwakunjwa ijaze nafasi zote ili visitikisike. Kashata za nazi kwenye buti la basi lenye joto hufika zimetoa mafuta.

Kawa lina dhamana ya shilingi 8,000, inayorudishwa likirudi zima. Lipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa, lisitumbukizwe majini, na lianikwe kivulini limesimama. Jua kali hupausha rangi na kuukausha ukindu mpaka ukakatika kwenye mishono. Likirudishwa na unyevu linapata ukungu ndani ya siku mbili, na dhamana hairudi.